Kilomita ya Ishirini na Mbili

Saa kumi na mbili kasorobo, nje ya Nangwanda,
tumebanana kama korosho za msimu mzuri,
na namba mia tatu na nne iko kifuani pangu
kwa pini nne za kuazima.

Ratiba ameiandika Somoe.
Yuko chuoni Dodoma, ananifundisha kwa simu:
"Baba, Jumapili ni mazoezi. Nusu si mbio yako.
Usishindane na mtu. Ukishindana nitajua."
Atajuaje, sikuuliza.
Mama yake naye hujua.

Filimbi.
Vijana wakafumka kama maji ya bomba lililopasuka.
Mimi nikabaki na pumzi yangu,
hatua tatu kuvuta, hatua mbili kutoa,
nikipitwa.
Nikapitwa na askari wa zimamoto.
Nikapitwa na mtoto wa yeboyebo, asiye na namba,
aliyekimbia nasi mpaka alipochoka kututazama.
Nikapitwa na Mtepa wa mizani, na kitambi chake,
akanirushia "Shikamoo!" bila kugeuka,
na shikamoo ya namna ile haina itikio.

Kupitwa ni kazi. Hakuna aliyeniambia.
Miguu inataka kujibu
kama mtu aliyetukaniwa mama yake,
nawe unaishika shati: tulia, tulia, twende.

Njia ya Mikindani, mikorosho imechanua.
Salfa ya jana bado inaelea, inakwaruza koo.
Likapita lori la makaa ya mawe,
jeusi likakaa juu ya njano.
Nilipojifuta uso leso ikawa ramani
ya nchi nisiyoijua.

Kisha mashamba ya chumvi, meupe, hayana mtu,
na mimi nikilamba mdomo wangu, nikilima yangu.

Kilomita ya kumi na nusu: pipa la rangi nyekundu,
kijana amekaa juu yake kama mfalme wa kona.
"Geuza, mzee! Geuza!"
Nikageuza. Jua likanikaba usoni.

Ghalani, gunia likiletwa hatulimwagi.
Tunachoma bambo ubavuni, tunatoa chache,
tunazipasua, tunahesabu: nyeupe, yenye madoa, iliyooza.
Gunia linabaki limeshonwa
ila siri yake tumekwisha kuionja.
Miaka ishirini na sita nafanya hivyo
na sikujua kuwa siku moja
nitakuwa gunia.
Goti la kushoto: lina madoa.
Mapafu: meupe.
Tumbo: kimya, alhamdulillahi.
Ile nzima ya Novemba bado imeshonwa.

Kilomita ya kumi na saba, kando ya muuza ming'oko,
Mtepa ameketi chini amekumbatia paja.
"Shikamoo," akasema tena,
safari hii kwa sauti ya mtu.
Marahaba.
Nikamwachia chupa yangu ya maji.
Ratiba haikukataza.

Kisha uwanja, spika zinanguruma, ndizi, utepe.
Binti mmoja akanivisha medali.
"Pole baba, umemaliza. Kaa."
Nikaipima kiganjani: gramu sitini, labda sitini na tano.
Ishirini na moja zimeisha.
Ratiba inasema ishirini na sita.

Nikapita katikati ya waliolala chali,
nikaruka miguu ya zimamoto,
nikatokea lango la nyuma.
"Mzee! Mwisho ni huku! Mzee!"
Nikasikia mwingine akimtuliza:
"Mwache. Jua limempanda kichwani."

Labda.
Barabara ya Shangani haina utepe wala makofi,
kuna mwanamke anafagia mbele ya duka
aliyeinua ufagio ili nipite.
Medali ilikuwa inanigonga kifuani,
nikaivua, nikaitia mfukoni pamoja na funguo za ghala,
zikawa zinalia pamoja, chaka, chaka,
kilomita ya ishirini na mbili,
na tangu alfajiri ile, kwa mara ya kwanza,
hakuna aliyebaki wa kunipita.